Sifa Zisizo na Mwenyewe: Uhakiki wa Nyaya za Sauti za Dijitali na Maneno Yanayoziuza

Utangulizi

Darasani tumezoea kuhakiki matini ambazo tayari zimepewa hadhi: riwaya, tamthilia, tenzi. Insha hii inahakiki matini zilizo fupi kuliko ubeti mmoja wa shairi, yaani maneno yaliyochapishwa kwenye vifuko vya nyaya za dijitali, zile zinazounganisha televisheni, kicheza CD au kompyuta na amplifaya nyumbani. Nimezichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni matini zinazomtoa mtu fedha mfukoni papo hapo. Pili, zimejaa vivumishi, na kivumishi ni kifaa ambacho mwanafunzi wa lugha anapaswa kukijua vizuri kuliko muuzaji wa duka.

Matini hizo zilinifikia kupitia mjomba wangu anayeishi Rebero, kwenye kilima kilicho kusini mwa Kigali. Alikuwa amenunua amplifaya na spika mbili baada ya kuweka akiba kwa muda mrefu. Muuzaji mmoja wa mjini alimruhusu achukue nyaya nne, akazijaribu nyumbani, abaki na anazozitaka na kurudisha nyingine ndani ya wiki. Waya wa bei ya chini ulikuwa faranga 4,000, wa bei ya juu faranga 90,000. "Mpwa wangu, wewe ndiye unayesoma lugha," aliniambia. "Nisomee haya maandishi, uniambie kama yana maana." Hilo ni swali la uhakiki hasa: je, maneno haya yana maana, na kama yanayo, yanahusu kitu gani?

Hoja yangu ni hii: tofauti kati ya nyaya za dijitali zipo, na baadhi yake ni kubwa, lakini haziko pale maneno ya vifukoni yanapozitaja. Sifa zinazotumika kuuza nyaya hizi zilizaliwa katika zama za kaseti na santuri, zikahamishiwa kwenye kifaa kisichoweza kuzibeba. Ni sifa zisizo na mwenyewe. Nitaanza na sifa zenyewe, kisha kazi ya waya wa dijitali, kisha hoja nzito kuliko zote ya wanaonipinga, ndipo nilinganishe nyaya zilizokuwa mezani.

Vivumishi vya zama za kaseti

Vifuko vilikuwa na maandishi ya Kiingereza, Kifaransa na Kichina. Nilipoyafasiri yale ya Kiingereza na Kifaransa kwa ajili ya mjomba, nilipata orodha ambayo msomaji yeyote wa matangazo ataitambua: besi nzito, sauti laini, sauti yenye joto, uimbaji ulio wazi, jukwaa pana. Waya wa faranga 90,000 ulikuwa na sifa hizo zote. Ule wa faranga 4,000 haukuwa na sifa hata moja. Kifuko chake kilitaja urefu tu, mita moja na nusu, na tarakimu 75 pamoja na alama ya omu, kipimo cha ukinzani wa umeme.

Sifa hizi si uzushi mtupu, zina historia. Anayekumbuka kunakili kaseti anajua kwamba nakala ya nakala hupoteza kitu kila inaponakiliwa. Sauti za juu, kama vile matoazi na herufi "s" ya mwimbaji, hufifia kwanza, na mvumo wa utepe huongezeka. Kusema kaseti fulani ilikuwa "laini" au "nzito" kulikuwa ni kusema jambo la kweli, kwa sababu katika mfumo wa analogia wimbi la umeme ni picha ya wimbi la sauti. Kila linapopita huweza kupunguzwa hapa au kuongezwa pale, na sikio likasikia. Waya mrefu na mbovu wa analogia unaweza kweli kufifisha sauti za juu au kuingiza mvumo. Kivumishi kilikuwa na mwenyewe.

Wanafunzi wa ushairi tunalijua jambo hili kwa njia yetu. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, zimetufikia kupitia mikono ya watu wengi: waliozihifadhi vichwani, Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor waliozikusanya na kuziandika, kisha William Hichens aliyezihariri zikachapwa mwaka 1940. Kila mkono ungeweza kubadili neno, kulainisha lahaja, kurekebisha kina. Ndiyo maana uhakiki wa matini za zamani huuliza daima: nani alinakili, na alinakili kutoka wapi? Muuzaji wa waya anatualika tuulize swali hilohilo kuhusu waya wake. Tatizo ni kwamba waya wa dijitali hanakili kama katibu. Hubeba barua iliyofungwa.

Waya wa dijitali hubeba nini

Sauti ya CD, mfumo ulioanza kuuzwa mwaka 1982, hupimwa mara 44,100 kila sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia. Kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani namba moja kati ya namba 65,536 zinazowezekana. Ukizidisha, unapata biti 1,411,200 kila sekunde. Huo ndio mzigo wa waya. Ndani ya waya hamna besi wala sauti ya mwimbaji. Kuna mfululizo wa ishara ambazo kifaa cha upande wa pili huzisoma kama sifuri au moja. Kifaa hicho, ambacho nitakiita kigeuzi, ndicho kinachozirudisha namba kuwa wimbi la umeme linalokwenda kwenye amplifaya na spika.

Sasa tufikiri pamoja. Ili waya uifanye besi kuwa nzito zaidi, ungelazimika kubadili maelfu ya namba kila sekunde kwa mpango maalumu, ukiongeza thamani hizi na kupunguza zile kwa hesabu inayotofautisha besi na sauti nyingine. Hiyo ni kazi ya kompyuta. Kipande cha shaba hakipigi hesabu. Kinachoweza kufanya ni kuharibu, na kinapoharibu hakichagui: biti yoyote inaweza kuguswa, iwe ya ngoma, ya inanga au ya ukimya kati ya nyimbo mbili. Matokeo yake ni mlio kama wa njugu kwenye kikaango, au sauti kukatika na kurudi, au kimya kabisa. Kwa hiyo kosa la dijitali halijifichi. Waya unaofanya kazi huleta namba zote. Unaoshindwa hutangaza kushindwa kwake.

Mfumo wa kawaida wa nyumbani unaoitwa S/PDIF, jina linalotokana na kampuni za Sony na Philips, una hata mlinzi mdogo. Kila kifurushi cha namba hubeba biti moja ya ziada inayoonyesha kama idadi ya moja zilizomo ni shufwa au witiri. Mlinzi huyu anafanana na mhakiki anayehesabu mizani. Shairi la kawaida lina mizani 16 katika mshororo, minane ya ukwapi na minane ya utao. Mizani mmoja ukidondoka, mhesabuji anajua papo hapo kwamba kuna kosa, ingawa hajui lipi. Lakini mmoja ukidondoka na mwingine ukaongezeka, hesabu inatimia na kosa linapita. Biti ya ulinzi ina udhaifu uleule: hugundua kosa moja, makosa mawili kwa pamoja humponyoka. Tena haina uwezo wa kuomba ubeti urudiwe. Nasema hivi ili nisimpe msomaji picha ya ukamilifu. Mfumo huu si malaika, ila katika waya mfupi na mzima makosa hayo ni nadra sana.

Hoja ya upande wa pili: saa

Uhakiki usiosikiliza upinzani ni matangazo ya upande mwingine. Wapo watu makini wanaosema kwamba namba kufika salama hakutoshi. Lazima zifike kwa wakati. Katika S/PDIF, waya haubebi namba peke yake. Hubeba pia mapigo ya saa, yaliyochanganywa na namba hizo, na kigeuzi huyatumia kujua lini kila namba itamkwe. Waya usiolingana na ukinzani unaotakiwa huirudisha sehemu ya ishara nyuma kama mwangwi, na kingo za mapigo zikapoteza ukali. Kigeuzi kikiyasoma mapigo hayo yaliyolegea, saa yake inayumba. Anayepiga ngoma anaelewa: mapigo yote yanaweza kuwepo, bila hata moja kukosekana, na bado mchezaji akajikwaa kwa sababu moja limechelewa.

Hoja hii si ya wauzaji. Mwaka 1992 Chris Dunn na Malcolm Hawksford waliwasilisha katika mkutano wa chama cha wahandisi wa sauti, AES, mada iliyouliza waziwazi kama mfumo huu una kasoro katika msingi wake. Walionyesha kwamba njia yenye uwezo finyu husababisha mapigo yayumbe kulingana na namba zilizotangulia. Ni hoja ya kweli, na anayedai kwamba "biti ni biti" kisha akafunga mdomo hajaisoma.

Lakini tuifuate hadi mwisho, tusiiache pale inapomfaa muuzaji. Kwanza, kuyumba kwa saa hakuleti besi nzito wala joto. Kukizidi, huongeza kelele ndogo na milio isiyokuwemo kwenye muziki. Kwa hiyo hata hoja bora ya upande wa pili haivitetei vivumishi vya kifukoni. Pili, tiba yake inajulikana: waya wa omu 75, usio mrefu bila sababu, na kigeuzi chenye saa nzuri inayosafisha mapigo yanapofika. Tatu, katika njia ya USB kuna vigeuzi vingi vya leo ambavyo saa yao wenyewe ndiyo inayotawala; kigeuzi huiagiza kompyuta ilete namba kwa kasi kinayoitaka, na mapigo ya waya hayatumiki kabisa kutamkia sauti. Wahandisi walijibu tatizo hilo ndani ya kifaa. Waya wa faranga 90,000 unauza jibu la swali lililohamia nyumba nyingine.

Nyaya nne mezani

Nikiwa nimeondoa sifa, nilibaki na tofauti zenyewe. Mezani kulikuwa na nyaya mbili za shaba za aina ya koaksia, mmoja wa bei ya chini na mmoja wa bei ya juu, kebo moja ya mwanga, na kebo moja ya HDMI. Nitazilinganisha kwa maswali matatu: inabeba nini, inaunganisha nini kingine kati ya vifaa viwili, na inashindwaje?

Koaksia ni waya mmoja wa ndani uliozungukwa na wavu wa metali. Sharti lake kuu ni ukinzani wa omu 75, basi. Na hapa kuna siri ambayo kifuko cha bei ya juu hakiwezi kuichapisha: waya wa dishi la televisheni, ule ambao fundi huacha kipande chake juu ya paa, nao ni koaksia ya omu 75. Ukifungwa vichwa vya RCA pande zote mbili, ni waya wa dijitali halali. Vivyo hivyo, katika ule waya wa zamani wenye vichwa vitatu, chekundu, cheupe na cha njano, ule wa njano uliokusudiwa picha ndio wa kutumia, kwa sababu nao hutengenezwa kwa omu 75. Koaksia hubeba sauti ya pande mbili kwa ukamilifu, au sauti ya spika nyingi iliyobanwa. Kasoro yake ni kwamba, kwa kuwa ni metali, huunganisha pia miili ya vifaa viwili.

Kasoro hiyo ndiyo iliyotupa somo kubwa zaidi Rebero. Televisheni na king'amuzi cha mjomba vimeunganishwa na dishi lililo juu ya paa. Amplifaya imeunganishwa na udongo kupitia soketi ya ukutani. Tulipounganisha king'amuzi na amplifaya kwa koaksia, spika zilianza kuvuma kwa sauti ya chini isiyokoma. Umeme wetu ni wa mapigo 50 kwa sekunde, na vifaa viwili vilivyofika ardhini kwa njia mbili tofauti vilikuwa vimefunga duara ambalo mkondo mdogo ulizunguka ndani yake. Namba zote zilifika salama. Mvumo haukuwa ndani ya namba. Uliingia katika sehemu ya analogia ya amplifaya kupitia ganda la waya. Waya wa faranga 90,000 ulivuma sawasawa na ule wa faranga 4,000.

Kebo ya mwanga iliukata mvumo huo mara moja. Mfumo wake ulibuniwa na Toshiba mwaka 1983, na ndani yake hamna metali inayopitisha ishara. Kuna uzi wa plastiki wenye unene wa takriban milimita moja, na taa nyekundu inayowaka na kuzimika. Mwanga haupitishi mkondo wa umeme kutoka kifaa hadi kifaa, hivyo duara halifungi. Kwa nyumba iliyo kilimani, faida hii ina uzito mwingine. Nchi yetu inajua radi. Mwezi Machi 2018 radi moja iliua watu 16 kanisani katika wilaya ya Nyaruguru. Kebo ya mwanga haiizuii radi, na umeme wa ghafla bado unaweza kupitia waya wa dishi au wa soketi, kwa hiyo kuchomoa plagi mvua inapokaribia kunabaki kuwa kanuni. Hata hivyo, ni njia moja ya metali iliyopungua kati ya dishi lililo juu ya paa na amplifaya iliyo sebuleni.

Udhaifu wa kebo ya mwanga nao ni wa kweli. Haipendi kukunjwa kwa kona kali. Kichwa chake hulegea kwa urahisi, na sauti hukatikakatika. Urefu wake wa kawaida nyumbani hauzidi sana mita tano hadi kumi. Na ncha zake huuzwa zikiwa na vifuniko vidogo vya plastiki angavu ambavyo mtu asipovitoa atadhani kifaa ni kibovu. Ukitaka kujua kama tundu lina ishara, tazama kama kuna mwanga mwekundu. Ni uchunguzi usiohitaji fundi.

HDMI ni njia tofauti kabisa. Faida yake si utamu wa sauti bali upana wa mzigo na urahisi. Tundu lenye alama ya ARC, lililokuja na toleo la 1.4 mwaka 2009, huiruhusu televisheni irudishe sauti kwenye amplifaya, na rimoti moja ikaongoza vyote viwili. Toleo lililofuata, eARC, lililoingia na HDMI 2.1 mwaka 2017, hubeba sauti ya spika nyingi bila kuibana, jambo ambalo koaksia na kebo ya mwanga hazina nafasi ya kulifanya. Kwa mwenye spika mbili kama mjomba, nafasi hiyo ya ziada haina kazi. Kwa mwenye spika sita na sinema nyingi, ndiyo hoja nzima. Hapa tunaona tofauti ya kweli kati ya kebo za dijitali, na tazama ilivyo: inahusu mlango, mzigo na njia. Haihusu ladha.

Kusikiliza bila kuona

Mjomba hakuridhika na hoja za mezani, na alikuwa na haki. Sanaa ya sauti huamuliwa na sikio. Alikuwa ameshausikiliza waya wa bei ya juu akitazama, akasema sauti yake ni pana. Basi tulichukua zile koaksia mbili, tukaziunganisha kwa zamu kati ya kicheza CD na amplifaya. Binamu yangu alibadilisha nyuma ya kitambaa na kuandika orodha yake, huku mimi na mjomba tukiandika majibu yetu bila kusemezana. Tulisikiliza albamu ya Cécile Kayirebwa iitwayo Rwanda, iliyotolewa na Globestyle mwaka 1994, na nakala za CD za santuri za Siti binti Saad, ambaye alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi. Tulipolinganisha karatasi, majibu yetu hayakuwa bora kuliko ya mtu anayerusha sarafu.

Nakiri kwamba jaribio la sebuleni halimalizi ubishi. Masikio huchoka, na watu wawili ni wachache. Ndiyo maana tuliongeza jaribio lisilotegemea masikio. Rafiki anayesoma uhandisi alituazima kifaa kidogo cha kurekodi chenye tundu la dijitali. Tulirekodi wimbo mmoja kupitia kila waya, kisha kompyuta ikaziweka rekodi mbili sambamba na kutoa moja kwenye nyingine. Kama kuna tofauti yoyote ya namba, kitu hubaki. Hakikubaki kitu.

Jambo moja katika usikilizaji ule lilinifundisha zaidi. Santuri za Siti zina mikwaruzo, na waya wa bei ya juu uliileta mikwaruzo yote kwa uaminifu, kama ulivyofanya ule wa bei ya chini. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Tungeweza kuongeza kwamba mjumbe hasifiwi kwa uzuri wa barua pia. Sifa ya sauti ya Siti ni ya Siti. Sifa ya kasoro ni ya utepe, ya sindano, ya miaka. Waya wa dijitali una sifa moja tu inayomstahili mjumbe: ulifika, na ulifika na vyote.

Ziko wapi basi "besi nzito" na "jukwaa pana"? Zipo, na tulizipata bila kwenda dukani. Sebule ya mjomba ina sakafu ya vigae, kuta za saruji na dirisha kubwa la kioo linalotazama mji. Sauti inaruka humo kama mpira. Tulipotandika mkeka na blanketi nene mbele ya spika, tukavuta pazia na kuzisogeza spika mbali na kona, uimbaji ulisikika wazi na besi ikaacha kunguruma. Hakuna aliyehitaji kitambaa wala karatasi kugundua. Vivumishi vilikuwa vimepata wenyewe: chumba na spika. Mwishowe mjomba alibaki na kebo ya mwanga kwa king'amuzi na koaksia ya faranga 4,000 kwa kicheza CD, akarudisha mbili. Fedha aliyookoa ilinunua zulia.

Hitimisho: kwa nini jambo hili ni letu

Huenda mhadhiri akauliza insha hii inafanya nini katika mkusanyiko wa wanafunzi wa Kiswahili. Jibu langu ni kwamba Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Maandishi ya bidhaa, maelekezo ya vifaa na matangazo yatazidi kuandikwa kwa lugha hii, na baadhi yetu ndio tutakaoyaandika au kuyafasiri. Msamiati upo na unakua. Watanzania wameshalipa neno mkongo kazi ya kutaja nyuzi za mwanga zinazounganisha miji, na king'amuzi ni neno linaloeleza kazi ya kifaa kuliko jina lake la kigeni. Shida haitakuwa upungufu wa istilahi. Shida itakuwa kufasiri vivumishi kimyakimya, tukahamisha pamoja navyo madai ambayo hayakuwa na mwenyewe hata katika lugha yalikotoka. Mfasiri anayeandika "besi nzito" juu ya waya wa dijitali ameandika sentensi sanifu kisarufi, na amemtoza mtu faranga 86,000 zaidi.

Napendekeza maswali matatu kwa kila sifa tunayokutana nayo. Sifa hii ni ya nani: ya mtunzi, ya chombo, ya chumba, au ya mjumbe? Kama isingekuwa kweli, tungejuaje? Na ikiondolewa, ni nini kinachobaki cha kununua au cha kusoma? Kifuko cha waya wa bei ya chini kilifaulu mtihani huu kwa maneno machache: mita moja na nusu, omu 75. Kila neno lilikuwa na mwenyewe, na kila neno lingeweza kupimwa.

Maswali hayo yanarudi kwetu pia. Ni mara ngapi katika insha zetu tumeandika kwamba mwandishi ametumia "lugha tamu" au kwamba mtindo wake una "mvuto wa pekee", bila kuonyesha ni neno gani, mshororo gani, mpangilio gani unaobeba utamu huo? Tunapofanya hivyo, tunaandika vifuko. Mhakiki anayemdai muuzaji ushahidi wa besi nzito anapaswa kujidai ushahidi uleule anapoisifu riwaya. Kivumishi kikiwa na mwenyewe, mtaje mwenyewe. Kikikosa, kifutwe.